Rafiki yangu amesifiwa kwa hoja yangu, nami sasa ninamficha majibu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami ningekuwa na la kuuliza. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu mtu ninayemzungumzia huisoma pia.

Ninajiandaa kwa mtihani wa ushindani wa kuingia katika utumishi wa umma. Somo nililochagua ni sosholojia, na karatasi yake ni ya insha: unapewa saa 3, na kila swali linataka nadharia, mfano na msimamo wako katika kurasa chache. Watahiniwa ni wengi mno na nafasi zinahesabika. Ninajiandaa pamoja na rafiki yangu niliyesoma naye tangu sekondari. Mama yake huniita mwanangu, nami kwao ni kama kwetu.

Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Jioni tulichagua swali kutoka katika mitihani ya miaka iliyopita, kila mmoja akaandika kwa kufuata saa bila kufungua kitabu, kisha tukabadilishana karatasi na kusahihishana kwa kalamu nyekundu. Katika kusahihisha, yeye ananizidi. Mimi husoma sana, lakini nikianza kuandika sijui niishie wapi. Yeye ndiye aliyekuwa akinihimiza niweke jibu katika aya ya kwanza na niache kurundika fasili. Nami kwa upande wangu nilimletea mambo ambayo hakuwa akiyafikia mwenyewe, kwa maana hana subira ya kumaliza kitabu.

Hivi karibuni darasa letu la maandalizi lilitupa mtihani wa majaribio. Swali mojawapo lilisema: "Ukosefu wa usawa katika jamii hauepukiki. Jadili." Jibu lake lilichaguliwa kuwa mfano na likasomwa mbele ya darasa. Lilianza na wanasosholojia Davis na Moore wa mwaka 1945, waliodai kwamba jamii hutoa malipo makubwa kwa nafasi muhimu ili zishikwe na watu wenye uwezo. Kisha likamleta mkosoaji wao, Tumin, wa mwaka 1953, aliyewauliza umuhimu huo wanaupimaje, na vipaji vitajulikanaje ikiwa matabaka yenyewe yanawazuia wengine kuvionyesha. Mpaka hapo sikushtuka. Lakini mfano uliofuata ulikuwa mtihani wa ushindani wenyewe: kwamba aliyekulia katika nyumba yenye utulivu, vitabu na muda wa kusoma huufikia mtihani akiwa ametangulia, kwa hiyo mtihani unaodai kupima kipaji hupima kwanza nyumba. Mfano huo ni wangu, Mshauri. Niliuandika katika karatasi aliyoisahihisha yeye, na pembeni akaandika "hapa pazuri". Mwalimu alimsifu kwa ubunifu. Yeye akatabasamu, asiseme neno. Mimi nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba nami nilitumia mfano huo huo siku hiyo, ila niliuchelewesha hadi aya ya mwisho na muda ukanikatia sentensi katikati. Alama zangu zilikuwa chini ya zake.

Tangu hapo nina madaftari mawili. Majibu yangu mazuri nayaandika katika daftari ambalo halioni. Mengine nayaandika harakaharaka katika lile la kubadilishana. Yeye hana habari. Anaendelea kunisahihisha kwa uangalifu ule ule, na hilo linaniumiza. Juzi aliniuliza mbona majibu yangu siku hizi yamepoa, nikamjibu kwamba nimechoka.

Dada yangu mkubwa anasema mtihani hauna undugu, niachane naye nijisomee. Kuna mtu darasani anayeuza bunda la majibu ya mfano yanayogusa mada zote za mtaala, nami nimeanza kufikiri kwamba nikiyakariri sitamhitaji mtu yeyote. Wakati mwingine natamani nimkabili rafiki yangu, lakini naogopa kumpoteza. Nikinyamaza, naogopa kuja kumchukia, hasa akifaulu nami nikabaki.

Nimeambatisha majibu yangu mawili ya swali moja, moja kutoka katika kila daftari. Swali linauliza kama maelezo ya mwanasosholojia Max Weber kuhusu urasimu bado yanasaidia kuelewa utendaji wa ofisi za umma. Nisaidie, nifanyeje?

Mwenye Madaftari Mawili

*

Mwanangu,

Marahaba. Majibu uliyoambatisha niliyasoma kwanza, kisha ndipo nikarudi kwenye barua yako kwa mara ya pili, kwa sababu nilishuku kwamba yangenieleza jambo ambalo barua haikulisema. Nitayafikia.

Nikikuelewa sawasawa, una mafundo mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la urafiki: mtu unayemwamini amesifiwa kwa kitu unachokihesabu kuwa chako, akanyamaza, nawe ukanyamaza. Jingine ni la mtihani: hujui kama kufanya mazoezi na mtu mnayewania naye nafasi zile zile ni busara au ni kujipunguzia bahati. Umejaribu kuyafungua yote mawili kwa tendo moja, la kuficha, na sasa tendo hilo limeanza kukuuma kuliko kisa kilicholizaa. Sitakuambia kwamba uchungu wako ni wa kitoto. Kupigia makofi sentensi uliyoiandika mwenyewe, huku sifa zikienda kwa mwingine, kunachoma.

Hata hivyo, naomba tuitazame kwa utulivu hiyo hoja unayosema imechukuliwa. Davis na Moore si wako wala si wake. Mjadala wao na Tumin hufundishwa popote panapofundishwa mada ya matabaka, na yeyote aliyejiandaa ataufikia. Kilicho chako ni ule mfano, na ni mfano mzuri kweli. Swali ambalo barua yako imelipita haraka ni kama rafiki yako alijua kwamba anautumia wako. Mtu anayesahihisha kwa makini, akaandika pembeni kwamba hapa pazuri, ameshaliingiza wazo akilini mwake. Baada ya wiki kadhaa, akiwa ameinamia karatasi na saa inakimbia, wazo hilo humjia bila anwani ya mahali lilikotoka. Mwanasosholojia Robert Merton aliandika mwaka 1957 kuhusu ugomvi wa wanasayansi juu ya nani aliyetangulia kugundua, kama ule wa Newton na Leibniz kuhusu tawi la hisabati liitwalo kalikulasi, akaeleza kwamba ukali wa magombano hayo hautokani na ubinafsi wa watu peke yake: taasisi ya sayansi yenyewe huuthamini sana ugunduzi mpya, na kwa hiyo humfanya kila mtu aulinde wake. Darasa lenu nalo lilitoa sifa moja tu siku hiyo, sifa ya ubunifu, na likampa mtu mmoja.

Inawezekana pia kwamba alijua. Inawezekana alitabasamu kwa sababu alijua, na kimya chake kikawa na maana ile ile uliyoipa. Mimi kutoka hapa nilipo siwezi kukata neno, na nadhani hata wewe huwezi kabla hujamuuliza. Ninachokuomba ni kutambua kwamba umekuwa ukiishi kana kwamba jibu umeshalipata.

Kuna jambo jingine umelitaja kwa sentensi mbili tu, nami naona ni zito. Siku ile mlikuwa na mfano ule ule nyote wawili. Yeye aliutoa mapema, akaujengea. Wewe uliuweka akiba hadi mwisho, muda ukaukata. Alama ulizopungukiwa hazikuchukuliwa na rafiki yako. Zilipotea kati ya aya ya kwanza na ya mwisho, mahali pale pale ambapo kalamu yake nyekundu imekuwa ikikuonya. Nalisema hili kwa upole, kwa kuwa najua si jambo la kupendeza kusikia ukiwa na kidonda kibichi, lakini nadhani sehemu ya hasira yako inamwelekea yeye kwa sababu ni rahisi kuielekeza huko.

Sasa majibu yako mawili. Nilitarajia kwamba lile la daftari la siri lingekuwa bora kwa mbali. Linaanza na fasili ya urasimu, linaendelea na sifa zake kama Weber alivyozieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1922, baada ya kufa kwake: ngazi za mamlaka, kanuni zilizoandikwa, kumbukumbu katika faili, ajira kwa sifa za kitaaluma, na kazi isiyotazama uso wa mtu. Kisha anakuja Merton na hoja yake ya mwaka 1940 kwamba kanuni zinaweza kugeuka kuwa lengo lenyewe, kisha Michels, kisha Crozier, wanasosholojia wengine walioandika kuhusu taasisi za namna hii. Yote ni sahihi. Lakini swali liliuliza kama maelezo hayo bado yanasaidia, nami nilifika ukurasa wa pili kabla ya kukutana na maoni yako, na yalikuwa nusu ya sentensi.

Lile la pili, la kuandikwa harakaharaka, linaanza hivi: "Maelezo ya Weber yanasaidia kueleza kwa nini ofisi hudai faili, lakini hayaelezi vya kutosha kwa nini faili lile lile hutembea haraka kwa mtu mmoja na kulala kwa mwingine." Mwanangu, hiyo ndiyo sentensi ambayo msahihishaji aliyechoka huisubiri. Imejibu swali, imeweka mpaka wa nadharia, na imemwahidi msomaji mahali insha inakoelekea. Udhaifu wa jibu hilo uko baadaye: baada ya ufunguzi huo hujamleta Merton kuutegemeza, na aya ya tatu inarudia ya pili. Ukiuchukua ufunguzi wa daftari la wazi na maarifa ya daftari la siri, una jibu moja zuri. Kwa sasa yamelala mbalimbali, na hakuna msomaji anayeyaona yote mawili isipokuwa wewe.

Hapo ndipo naona gharama ya mpango wako, na sina hakika kwamba umeihesabu. Unapomficha majibu unayoyathamini, unampa akusahihishie yale usiyoyajali. Makosa ya majibu yako ya haraka yanapigiwa mstari mwekundu kila jioni, huku makosa ya majibu unayotarajia kuyaandika siku ya mtihani yakikua bila kuguswa na mtu. Zoezi la kuandika insha lina faida kubwa katika sehemu moja hasa: pale mtu mwingine anaposoma na kukwama, akakuonyesha mahali alipokwamia. Nimewahi kusahihisha insha za namna hii, na mara nyingi niliwaona watahiniwa waliosoma vizuri wakiandika kama watu ambao hawajawahi kusomwa.

Kuhusu neno la dada yako, kwamba mtihani hauna undugu, sitalibeza, kwa maana anakupenda na anaona unavyoumia. Ila tulipime. Mnawania nafasi pamoja na umati wa watu msiowajua. Ili rafiki yako peke yake awe ndiye anayesimama kati yako na nafasi, ingebidi mfuatane kabisa katika orodha, pale pale mstari wa kufaulu unapokatwa. Linaweza kutokea, lakini ni jambo la nadra, na wewe umelifanya kuwa msingi wa kila jioni yako. Hatari ya karibu zaidi ni nyingine: watu wawili wanaofanya mazoezi pamoja kwa muda mrefu wanaweza kuanza kuandika kwa sauti moja, na msahihishaji akikutana na mifano inayofanana na mpangilio unaofanana, majibu yote mawili huonekana ya kukariri. Hilo linastahili kuzungumzwa nyinyi wawili, na ni la kiufundi tu, halimshtaki mtu.

Nami nina wasiwasi zaidi na lile bunda la majibu ya mfano. Sisemi halina kazi. Ukilisoma ili uone mtu mwingine alivyolipangilia swali, linaweza kukufaa. Lakini kukariri kuna namna ya kukudanganya, hasa katika somo letu hili. Chukua swali lenu la ukosefu wa usawa. Likiulizwa "Eleza mtazamo wa kiamilifu kuhusu matabaka", yaani ule wa Davis na Moore unaoyaona matabaka kuwa yana kazi katika jamii, jibu lililokaririwa litatosha. Likiulizwa "Je, mtazamo wa kiamilifu unaeleza ukosefu wa usawa au unauhalalisha?", jibu lile lile litaonekana limejaa maarifa na halijajibu kitu. Watahini hupenda kugeuza swali namna hiyo, na aliyekariri hulitambua jina la mada akaanza kumwaga alichonacho kabla hajasoma neno la mwisho. Zaidi ya hayo, bunda linalouzwa darasani halikununuliwa na mtu mmoja. Wewe unayeumia kwa sababu mfano wako umetumiwa na rafiki mmoja ungekuwa unaandika mifano ambayo darasa zima limeilipia.

Njia zilizo mbele yako nazijua chache, na kila moja ina miiba yake. Ukichagua kuzungumza naye, namna utakavyoanza ina uzito. Ukianza na "uliniibia", atajitetea, na mazungumzo yatahusu neno hilo badala ya jambo lenyewe. Ukianza na kilichokupata wewe, kwamba ulipousikia mfano ule uliumia na tangu hapo umekuwa ukimficha majibu, umempa nafasi ya kukujibu kama rafiki. Hapo kuna kitu utalazimika kukiweka mezani, nacho ni daftari lako la pili. Huenda akaumia kuliko ulivyoumia wewe, kwa sababu yeye alisahihisha kwa moyo karatasi ambazo hazikuwa za moyo. Aliona kwamba majibu yamepoa. Si mtu asiyekujali huyo. Unaweza kumpoteza, ni kweli. Ila sijui kama kwa sasa unaye, ikiwa kila jioni unakaa naye huku umemgawia nusu.

Unaweza pia kubadilisha utaratibu bila kurudi nyuma kwenye kisa. Kwa mfano, mnaweza kukubaliana kwamba mtasahihishana mpangilio, muda na hoja, lakini mifano kila mmoja atatafuta yake, na yule atakayependa mfano wa mwenzake aseme kabla ya kuutumia. Makubaliano ya aina hii yana faida kwamba hayamtuhumu mtu. Yana kasoro kwamba wewe utaingia ukiwa na kinyongo kimya, na kinyongo cha namna hiyo hutafuta kosa la pili ili kithibitishwe. Kama unajijua kuwa mtu wa kuhesabu, nadhani njia hii peke yake haitakutosha.

Kumleta mtu wa tatu awasahihishe nyote nako kuna mvuto. Atakayewasoma bila kujua karatasi ni ya nani atakuonyesha mambo ambayo rafiki yako, kwa kukuzoea, hayaoni tena. Lakini mwanasosholojia Georg Simmel, aliyeandika kuhusu makundi ya watu wawili na ya watu watatu, alionyesha kwamba huyo wa tatu anaweza kuwa mpatanishi, au anaweza kuwa yule anayefaidi ugomvi wa wawili. Ukimleta kabla ya kusafisha mambo na rafiki yako, unaweza kujikuta unatafuta hakimu, na msomaji uliyemhitaji ukamkosa.

Kujitenga kwa muda, kama anavyoshauri dada yako, nako kunawezekana, na wapo watu wanaoandika vizuri zaidi wakiwa peke yao. Ukifanya hivyo, mwambie rafiki yako kwamba unajitenga. Usififie tu mbele yake. Na kwa kuwa utakuwa msahihishaji wako mwenyewe, usisahihishe jibu siku uliyoliandika, maana siku hiyo bado unasoma ulichokusudia kusema. Liache mpaka ulisahau kidogo, kisha ulisome swali kwanza, halafu aya ya kwanza peke yake, ujiulize kama mgeni angejua msimamo wako kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Kutokana na nilichokiona katika daftari lako la siri, hapo ndipo kazi yako kubwa ilipo, na ni kazi ngumu kuifanya bila jicho la mwingine.

Kuhusu hofu yako ya mwisho, kwamba akifaulu nawe ukabaki utamchukia, sina dawa ya kukupa mapema. Ninachoweza kukuuliza ni kama chuki hiyo ingetokana na kufaulu kwake au na maneno ambayo hukumwambia yalipokuwa bado madogo. Hili unalijua wewe kuliko mimi.

Ukiamua kuzungumza naye, chagua jioni ambayo hamwandiki, karatasi zikiwa pembeni, na usingoje matokeo ya mtihani mwingine wa majaribio, kwa sababu alama mpya zitaingia katikati ya mazungumzo. Ukiamua kutozungumza kwa sasa, jaribu angalau jambo moja dogo: chukua jibu moja kutoka katika daftari la siri, lile unalolipenda kuliko yote, umpe alisahihishe, uone kalamu nyekundu itaangukia wapi. Niandikie tena ukipenda, na uniambatishie hilo jibu likiwa na alama zake.

Mshauri wako